Uliza Kwao ni Wapi: Namna ya Kula Kwenye Mgahawa wa Familia ya Kivietnamu

Siku ya kwanza nilipoingia kwenye mgahawa wa familia iliyotoka Huế, mji wa Vietnam ya kati, hapa Houston, niliagiza phở, supu ya tambi za mchele. Nilikuwa nalijua neno hilo moja tu, na kwenye menyu ndilo lililotangulia. Bakuli likaja, nikala, nikashiba, nikajiuliza watu wanasifia nini hasa. Nikiwa nasubiri chenji ndipo nikaiona meza ya jirani. Bibi mmoja na wajukuu zake watatu wamezungukwa na visosi zaidi ya ishirini, kila kimoja kina kitu cheupe ndani, na katikati yao bakuli la supu nyekundu linafuka moshi wenye harufu ya mchaichai. Nikaangaza macho mezani kwa wengine. Humo ndani mwote mla phở nilikuwa peke yangu.

Mwongozo huu ni wa kukuepusha na kosa hilo. Nauandika nikiwa na Houston kichwani kwa kuwa ndiko ninakokula, kule kando ya Bellaire Boulevard, mitaa ambayo Wavietnamu wengi wamefungua biashara. Ukiwa Paris, Melbourne au Hanoi kwenyewe, mengi yatakufaa vilevile. Ninaposema mgahawa wa familia nina maana ya ule ambao mama yuko jikoni, baba yuko kaunta, na binti anayekuletea maji alikuwa anamalizia hesabu za shule kwenye meza ya nyuma. Mama ntilie aliyepata paa na kiyoyozi, kwa ufupi.

Hatua ya 1: Jua umeingia jikoni kwa nani

Vietnam ni nchi ndefu na nyembamba, na mpishi wa kaskazini na wa kusini wanatofautiana kama mpishi wa Bukoba na wa Pemba. Wenyewe huigawa mara tatu: Bắc ni kaskazini, Trung ni kati, Nam ni kusini. Maneno hayo matatu yashike, utayakuta kwenye vibao na kwenye menyu.

Kaskazini ndiko phở ilikozaliwa. Mchuzi wake huko ni mwangavu, hauna utamu mwingi, na majani ni machache. Huchemshwa na mifupa ya ng'ombe pamoja na mdalasini, karafuu, iliki nyeusi na ile anisi yenye umbo la nyota. Inamia bakuli uvute harufu: ni sufuria la pilau kabla mchele haujaingia. Huko pia ndiko kwa bún chả, nyama ya nguruwe ya kuchoma inayoelea kwenye mchuzi mwepesi wenye uchachu, tambi zikiwa pembeni. Mei 2016, mjukuu wa Kogelo, Barack Obama, aliketi kwenye kistuli cha plastiki Hanoi akala hiyo pamoja na Anthony Bourdain, mpishi na mtangazaji wa vipindi vya chakula. Chakula chote cha meza yao kilikuwa dola 6, na meza yenyewe mwenye mgahawa akaja kuifunika kwa kioo.

Kusini ndiko Mpwani atajiona yuko kwao. Kuna tui la nazi, dafu, ukwaju, bamia. Canh chua ni supu ya samaki, mara nyingi kambare, iliyotiwa ukwaju, nanasi, nyanya na bamia. Cá kho tộ ni samaki aliyepikwa kwenye chungu kidogo kwa sukari iliyounguzwa mpaka ikawa nyeusi, na aghalabu maji ya dafu. Halafu kuna bánh khọt: unga wa mchele, tui na manjano, vinamiminwa kwenye kikaango chenye mashimo ya duara. Naam, ni vitumbua, ila vya chumvi na kamba juu yake, na vinaliwa kwa kuviringishwa kwenye majani. Na cơm tấm, chakula kikuu cha Saigon, jiji kubwa la kusini, ni wali wa chenga. Zile chenga ambazo kwetu mtu hununua kwa kuwa mchele mzima umemshinda bei, wao wamezipandisha hadhi mpaka matajiri wanazipangia foleni.

Kati ndiko kwa Huế, mji uliokuwa makao ya wafalme wa ukoo wa Nguyễn kuanzia 1802 hadi 1945. Wenyewe husimulia kwamba jikoni ya ikulu ndiyo iliyowafundisha kupika vitu vidogo vidogo vingi badala ya sinia moja kubwa. Huko pilipili ni kali, mchaichai haukosekani, na kuna mắm ruốc, rojo la kamba wadogo waliovundikwa kwa chumvi, ambalo linanuka vibaya kwenye chupa na vizuri sana kwenye supu. Kusini kidogo ya Huế iko Quảng Nam, yenye mì Quảng, tambi pana zenye mchuzi wa kulowanisha tu, karanga, na kipande cha mkate mkavu wa mchele wa kuvunjia juu.

Sasa kwa nini mgahawa wa watu wa Huế uuze phở? Kwa sababu watu walihama. Baada ya makubaliano ya Geneva ya 1954, yaliyoigawa nchi kaskazini na kusini, watu karibu milioni moja walitoka kaskazini kwenda kusini, na phở wakaenda nayo. Baada ya Saigon kuanguka tarehe 30 Aprili 1975, wengine wengi wakatawanyika Marekani, Ufaransa na Australia. Ukiona 54 au 75 kwenye jina la duka la phở, mara nyingi ni mwaka huo. Ugenini mteja anajua phở, basi kila mtu anaiuza, hata ambaye kwao hawaipiki. Ndiyo maana unakuta menyu yenye vyakula 120 kwenye jiko lenye mafiga manne. Katika hivyo 120, ambavyo mama alifundishwa na mama yake huenda havizidi 12, na kazi yako ni kuvijua hivyo.

Dalili ya kwanza iko kwenye kibao nje. Migahawa hii hupenda kubeba jina la nyumbani: Huế, Hội An, Nha Trang, Cần Thơ, Sóc Trăng. Dalili ya pili ni karatasi zilizobandikwa ukutani kwa mkono, zisizo na tafsiri. Menyu iliyochapwa kwa rangi na picha ni ya kwako wewe mgeni. Karatasi ile ya ukutani ni ya kwao.

Hatua ya 2: Nenda saa zao

Jumamosi au Jumapili, saa nne asubuhi. Supu imechemka tangu usiku, mikono ya jikoni imetimia, na vyakula vyenye kazi nyingi vinapikwa siku hizo tu. Ukienda Jumatatu saa mbili usiku utaambiwa imeisha, na ni kweli imeisha. Wengi hufunga siku moja katikati ya wiki, basi piga simu kwanza. Beba pesa taslimu pia, kuna wanaokataa kadi.

Hatua ya 3: Kuingia na kuketi

Usisubiri kupelekwa mezani. Ingia, tafuta nafasi, kaa. Karibu na mlango, sakafuni, utaona kijumba chekundu chenye taa, matunda, pengine na kikombe cha kahawa. Hiyo ni madhabahu ya mungu wa ardhi na wa mali, na yale machungwa si ya wateja. Ukiwa na watoto washike mikono. Wangu alishawahi kurudi mezani na ndizi.

Vijiti, vijiko na chupa za pilipili viko mezani tayari. Utaona watu wanavifuta kwa karatasi kabla ya kula. Fanya hivyo nawe, hakuna anayekasirika.

Hatua ya 4: Ita kwa udugu

Hapa sisi tuna bahati ambayo Mmarekani hana. Kivietnamu hakina "wewe" moja ya kumfaa kila mtu. Unamwita mtu kwa udugu, ukikadiria umri wake, kama vile sisi tunavyosema dada, mama, anko. Tena madaraja yenyewe ni yaleyale: bác ni baba mkubwa, chú ni baba mdogo, cô ni shangazi, dì ni mama mdogo. Kwa rika lililokuzidi kidogo, chị ni dada na anh ni kaka. Aliye mdogo kwako, kama yule binti wa hesabu, ni em.

Kuita unaongeza ơi mwishoni: "Cô ơi!" Ni shangazi ee! Inatamkwa kwa sauti, kutoka meza hadi jikoni, na si utovu wa adabu. Kupiga vidole ndio utovu wa adabu. Na ukishamwita mwenzako shangazi, wewe mwenyewe unakuwa con, yaani mtoto. Kwa hiyo sentensi ya kuagizia ni hii: "Cô ơi, cho con một tô bún bò." Neno kwa neno ni shangazi ee, mpe mwanao bakuli moja la bún bò, ile supu ya tambi ya Huế. Mtu mzima mwenye ndevu anajiita mtoto ili apewe supu, na mtu yeyote aliyelelewa kwa shikamoo hataona ajabu.

Ukiitikia, tanguliza dạ. Ni abee, ni naam. Neno hilo dogo limewahi kuniletea sahani ya matunda ambayo sikuiagiza.

Matamshi yatakushinda, usijisumbue. Lugha ina toni, na "ma" moja inaweza kuwa mzimu, mama au kaburi kutegemea umeipandisha vipi. Taja udugu kwa mdomo, chakula kionyeshe kwa kidole kwenye namba yake.

Hatua ya 5: Uliza swali lenyewe

"Cô quê ở đâu?" Quê ni kwenu, pale mlipozikwa vitovu. Swali zima ni lile la kwetu la kwenye basi: kwenu wapi? Kama ulimi hauwezi, muulize binti kwa Kiingereza na yeye atalirusha jikoni.

Mara nyingi uso unabadilika. Mama anatoka na aproni, anajibu Huế, au Quảng Ngãi, au Bến Tre, anakuuliza nawe ni wa wapi. Ukisema Tanzania, usishangae mtu akitaja korosho: Vietnam hununua korosho ghafi nyingi za Mtwara na Lindi, na wapo waliozibangua wakiwa vijana bila kujua zimetoka kwa nani. Halotel nayo ni kampuni ya Wavietnamu, kama ulikuwa hujui.

Akishataja kwao, funga menyu. Sema unataka chakula cha huko. Kama ni wa Huế, endelea kusoma. Kama ni wa kusini, rudi juu kwenye vitumbua vya chumvi na samaki wa chunguni. Kama ni wa Hanoi, basi sasa phở ndiyo wakati wake, na usiitie sosi tamu: watu wa kaskazini hukunja uso wakiona.

Hatua ya 6: Kabla hujaagiza, malizana na suala la kitimoto

Kwa wasiokula nguruwe hapa pana mtego, na wengi wamenasa. Bún bò Huế ina neno bò, ng'ombe, na kweli nyama ya ng'ombe imo. Lakini mchuzi kwa kawaida umechemshwa na miguu ya nguruwe pia, kipande cha mguu huwekwa juu, na zile pande za rangi ya maini ni damu iliyogandishwa. Ukisema usiwekewe nyama hiyo, mchuzi unabaki uleule. Nguruwe anaitwa heo kwa watu wa kati na kusini, lợn kaskazini. Damu ni huyết. Mafuta ya vitunguu yanayomwagiwa kwenye vyakula vingi, mỡ hành, wengine huyatengeneza kwa mafuta ya nguruwe, na ile sosi nzito ya Huế ya kuchovea, nước lèo, huwa na maini yake.

Sentensi ya kujikinga: "Con không ăn thịt heo," yaani mwanao hali nyama ya nguruwe. Itamfanya mama akuambie ukweli, na mara nyingi akuelekeze kwenye samaki, kamba, au phở iliyochemshwa na mifupa ya ng'ombe peke yake. Kuhusu uchinjaji, ng'ombe na kuku wa migahawa hii kwa kawaida si halali, mpaka mwenyewe akuambie anakonunua. Njia salama zaidi ni neno chay, chakula cha Wabudha kisicho na nyama wala samaki. Tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo Wavietnamu wengi hula chay, na siku hizo hata mgahawa wa nyama unaweza kuwa nacho. Kama sisi, wanafuata mwezi ulipo.

Mwenye mzio wa karanga au wa kamba aseme mapema na kwa msisitizo. Karanga ziko kila mahali, na kamba wamo hata kwenye sosi.

Hatua ya 7: Agiza kwa meza, si kwa mtu

Mkiwa wanne kwa watu wa Huế: sinia moja la bánh bèo, sahani moja ya bánh bột lọc, moja ya bánh nậm, mkate bapa wa unga wa mchele uliofungwa kwenye jani, na mabakuli mawili ya bún bò ya kugawana. Inatosha. Mkiona bado mna nafasi, ongezeni bánh khoái moja, mkate mdogo wa manjano wa kukaanga, mkavu kwa nje, uliokunjwa juu ya kamba na chipukizi za choroko.

Vitakuja kila kimoja kikiiva. Usingoje vyote vifike.

Hatua ya 8: Kula

*Bánh bèo.* Ndivyo vile visosi. Ndani ni uji mzito wa unga wa mchele uliopikwa kwa mvuke mpaka ukashikana, mwembamba, katikati umebonyea kidogo. Kwenye kibonyeo hicho huwekwa kamba wakavu waliosagwa hadi wakawa kama pamba ya rangi ya chungwa, majani ya vitunguu, na kipande cha ngozi iliyokaangwa. Hiyo ngozi ni ya nguruwe, waweza kuomba isiwekwe. Chukua kibakuli cha nước chấm, tia kijiko kimoja kwenye kila kisosi, kisha pitisha ncha ya kijiko kuzunguka ukingo ili mkate uachie. Huko Huế wenyewe hutumia kibapa cha mwanzi. Unaukunja, unaubugia wote mara moja, unaweka kisosi pembeni juu ya vingine. Mnara wa visosi ndio hesabu yako. Mwanangu alifika kumi na nne kabla sijamaliza kueleza.

Nước chấm yenyewe ni nước mắm iliyozimuliwa kwa maji, sukari, ndimu, kitunguu saumu na pilipili. Na nước mắm ni nini? Ni dagaa. Dagaa wa baharini na chumvi wanapangwa kwenye mapipa ya mbao karibu mwaka mzima, na maji yanayochuruzika chini ndiyo hayo. Ya kisiwa cha Phú Quốc na ya Phan Thiết ndiyo yenye sifa. Usiinuse chupa. Onja kwenye chakula.

*Bánh bột lọc.* Hivi navipenda kuliko vyote na ninakiri ni upendeleo wa nyumbani. Ni vifurushi vya jani la mgomba, vidogo kama kidole. Fungua, ndani kuna kitu kinachong'aa kama kioo, kamba anaonekana amelala katikati, mara nyingi na kipande cha nyama ya nguruwe kando yake. Unga huo ni wanga wa muhogo. Muhogo uleule tunaochemsha, tunaokaanga, tunaousagia ugali, umeoshwa na kuchujwa mpaka ukabaki wanga mtupu, na ukiiva unakuwa angavu. Unavutika mdomoni, unatafuna na kutafuna. Kamba wengine huwekwa na magamba yao laini, yanaliwa. Jani haliliwi, na nasema hivi kwa sababu nimemwona mtu.

*Bún bò Huế.* Kwanza mchuzi mtupu, vijiko viwili, bila kuongeza chochote. Mama amekesha nao, muonyeshe heshima kabla hujamrekebisha. Wekundu ule haukutoka kwenye pilipili peke yake. Ni mafuta ya mbegu za mzingifuri, ule mti ambao watembezaji wa Zanzibar huwapaka nao watalii midomo. Kivietnamu mbegu hizo zinaitwa hạt điều màu, yaani korosho za rangi. Zina uhusiano gani na korosho sijaona, labda sura.

Ukishaonja, tia ndimu, vuruga, onja tena. Pilipili ya mafuta iko kwenye kichupa: nusu kijiko, hata kama umezoea pilipili mbuzi. Kisha sahani ya majani. Utakuta ua la mgomba lililokatwakatwa membamba, chipukizi za choroko, nanaa, na jamaa za rihani. Yachane kwa mkono, tia machache machache kadiri unavyokula, yasije yakaiva yote mara moja. Kuna jani moja lenye umbo la moyo linaloitwa diếp cá, linanuka samaki mbichi. Lionje pembeni kwanza.

Vijiti mkono wa kulia, kijiko mkono wa kushoto. Bibi yangu angenipiga kofi, lakini ndivyo inavyoliwa: vijiti vinainua tambi na kuziweka kwenye kijiko, kijiko kinapeleka mdomoni pamoja na mchuzi kidogo. Vijiti vikikushinda omba uma, ni "nĩa", watakupa bila kukucheka. Kuvuta tambi kwa sauti kidogo si aibu. Kitu kimoja usifanye, hasa ukiwa na bakuli la wali: usichomeke vijiti vikasimama wima. Vijiti vilivyosimama ni udi wa madhabahu ya marehemu.

Kama pale mezani pana mzee, ngoja aanze. Vijana wa Kivietnamu husema mời kabla ya kula, wakimtaja mkubwa mmoja baada ya mwingine: mời bà, mời ba, mời má. Ni karibu chakula, ila anayekaribisha ni mdogo.

Hatua ya 9: Vinywaji na vitamu

Soma orodha ya sinh tố, juisi nzito za kusagwa, uone kama hujafika soko la Darajani: bơ ni parachichi, mít ni fenesi, mãng cầu ni stafeli, sầu riêng ni doriani. Hiyo ya mwisho agiza kama wote mezani wanakubali. Nước mía ni maji ya miwa. Kahawa ya cà phê sữa đá inachuruzika taratibu kutoka kwenye kichujio cha bati juu ya maziwa mazito ya kopo, halafu inamwagwa kwenye barafu. Ni kali. Ukiinywa saa kumi jioni, usiku utakaa macho.

Kwa kitamu agiza chè chuối: ndizi mbivu kwenye tui la nazi na punje za wanga wa muhogo. Ni ndizi za nazi za futari, basi. Nimewahi kuipeleka nyumbani Ramadhani, hakuna aliyeuliza imetoka wapi.

Hatua ya 10: Kulipa na kubeba

Usikae kusubiri bili. Inuka, nenda kaunta, taja meza yako. Hapa Houston bakuli la bún bò ni dola 12 hadi 16 hivi, na bakshishi ya asilimia 15 hadi 20 inategemewa, kwa kuwa hii ni Marekani. Vietnam kwenyewe haitegemewi. Pesa toa kwa mikono miwili kama anayepokea ni mzee. "Cảm ơn cô", asante shangazi, inatosha kwa kuagana, na ukimtajia kitu kimoja kilichokupendeza atakikumbuka ukirudi.

Kabla hujatoka agiza bakuli moja la kubeba: "mang về." Watakupa vitu mbalimbali kwenye mfuko: mchuzi kwenye kopo lake, tambi, majani, nyama. Usivichanganye garini. Tambi hizo zikilala kwenye friji zinakuwa ngumu kama kamba ya katani, basi asubuhi zitumbukize kwenye maji yanayochemka, uhesabu mpaka kumi, uzitoe. Mchuzi utaukuta umeganda, na juu yake tabaka jekundu la mafuta. Usilikwangue ukalitupa. Harufu ya mchaichai imelala humo. Pasha mpaka uchemke kabisa, mimina juu ya tambi, na ndimu ile uliyopewa isahau kwenye mfuko, kata mbichi.